Tairi ya mbele inanitoroka kwenye vikokoto vya Ngong. Nivalishe ipi ya tyubulesi?

Pedali_Kavu

Wadau, habari za jioni. Nisaidieni kabla sijarudi kufungwa bandeji mara ya pili.

Nina baiskeli ya mlima ya mtumba, magurudumu inchi 29, shoki mbele milimita 130, nyuma hakuna shoki. Mimi ni kilo 78 bila begi. Wikendi napiga msitu wa Karura asubuhi, na mara mbili kwa mwezi napanda milima ya Ngong. Karura sina shida. Shida ni Ngong ukishuka kutoka upande wa mitambo ya upepo: chini udongo umekauka kama sakafu, juu yake kuna vikokoto vinavyobiringika kama maharagwe. Jumamosi iliyopita nilikata kona ya kushoto, tairi ya mbele ikaenda zake, nami nikaenda zangu. Kiwiko na goti vilichubuka mbele ya watoto waliokuwa wakichunga mbuzi. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Tairi nilizo nazo ndizo zilizokuja na baiskeli. Upana inchi 2.2, meno mafupi, katikati karibu kipara. Natumia tyubu na upepo wa psi 40 (kipimo cha shinikizo) mbele na nyuma, kwa sababu nikipunguza tyubu inabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba.

Bajeti ni Sh20,000 kwa kila kitu. Nasikia tairi ya Maxxis Assegai ndiyo mfalme wa kushika. Nichukue mbili? Na hii tyubulesi, tairi bila tyubu ndani, ni ya lazima, au ni mbwembwe za matajiri wa Karen?

Kijana_wa_111

Pole sana buda. Chukua Assegai mbili, mambo yaishe. Hizo zinashika hadi ukuta. Kuna msee wetu anazo na tangu azivalishe hajala vumbi.

MzeeSpoki

Kijana, pole na kiwiko. Kabla hujatoa pesa mfukoni, toa upepo kwenye tairi. Umeangushwa na hiyo 40.

Tairi ya psi 40 chini ya mtu wa kilo 78 ni gogo. Haikubali kubonyea ifuate umbo la jiwe, inaligonga na kuruka. Ikiruka haijagusa chini, na tairi isiyogusa chini haina cha kushika hata ingekuwa na meno ya mamba. Sasa hapo unaikata kona huku gurudumu la mbele linadundadunda. Ungeanguka tu, kama si Jumamosi hiyo basi inayofuata.

Hiyo ndiyo maana ya tyubulesi, na haina uhusiano na Karen. Ukiondoa tyubu, hakuna kitu cha kubanwa na rimu, kwa hiyo unaweza kushuka hadi 20 na kitu. Tairi inalainika, inalala chini kwa eneo kubwa zaidi, inakumbatia kokoto badala ya kuzirukia. Dawa ya majimaji inayotiwa ndani ya tairi kuziba matundu ya miiba ni faida ya pili. Ya kwanza ni upepo mdogo.

La pili. Watu husema "njia ya kokoto" kana kwamba ni kitu kimoja. Ngong wakati wa kiangazi ni sakafu ngumu yenye vikokoto juu. Hapo jino refu jembamba halikusaidii, kwa sababu haliwezi kuzama kwenye sakafu, linapinda tu chini yako na unahisi baiskeli inayumba kama imelewa. Unataka jino la urefu wa wastani, nene, lenye kitako kipana, na nafasi ya kutosha kati ya jino na jino ili kokoto zipite zisikunyanyue. Nenda msitu wa Kereita, kwenye udongo laini wenye majani makavu, hesabu inageuka: hapo jino refu lililoachana na wenzake linazama na kung'ang'ania. Hell's Gate ni vumbi jembamba kama unga wa sembe, na tairi pana linaelea juu yake vizuri. Udongo mweusi wa Kitengela ukilowa, usihangaike na tairi. Panda matatu.

Kwa hiyo swali langu: unaendesha wapi zaidi, na rimu zako zina upana gani kwa NDANI? Pima ukingo hadi ukingo, pale tairi linapokaa. Usiponiambia hilo siwezi kukutajia tairi.

Mama_Gia

Shikamoo Mzee. Naunga mkono, ila nina neno na Kijana_wa_111.

Assegai mbili kwa mtu wa baiskeli isiyo na shoki nyuma ni adhabu. Hiyo tairi Maxxis waliitoa 2018 wakishirikiana na Greg Minnaar, bingwa wa kushuka milima kutoka Afrika Kusini, ndiyo maana ina jina la mkuki. Ilibuniwa kwa watu wanaopandishwa na lifti halafu wanashuka tu. Sisi lifti yetu ni mapaja. Mimi niliwahi kuivalisha nyuma, tena ile ya mpira laini kabisa wa MaxxGrip, nikaenda Ngong. Kufika kilele cha Lamwia, mita 2,460, nilikuwa nimeshasema maneno ambayo watoto wangu hawajui kwamba nayajua. Kwenye lami ya kurudi nyumbani ilikuwa inalia kama nyuki. Na baada ya miezi michache meno ya katikati yalikuwa yameisha, maana mpira laini na lami ya Nairobi haviivani.

Kanuni yangu ni moja. Ikiteleza tairi ya nyuma, unapata hadithi. Ikiteleza ya mbele, unapata plasta. Kwa hiyo pesa na ulaini weka mbele. Nyuma weka tairi inayobiringika kwa wepesi na yenye mbavu (kuta za pembeni) ngumu, kwa sababu nyuma ndipo uzito wako ulipo, na bila shoki kila jiwe linapokelewa na tairi na rimu.

Pedali_Kavu

Asanteni sana. Mzee, nimepima: milimita 23 kwa ndani. Ndani ya rimu kuna kijituta pembeni kila upande, sijui ni cha nini. Ngong na Karura ndiko niko zaidi, Kereita mara moja moja.

Leo nimejaribu kushusha mbele hadi 30 nikiwa na tyubu. Tofauti nimeiona, lakini niliogopa rimu.

MzeeSpoki

Milimita 23. Basi Assegai imejiondoa yenyewe.

Zile Assegai zinazoletwa huku ni za 2.5 zenye herufi WT, na hizo zimechorwa kwa rimu ya milimita 30 hadi 35 kwa ndani. Ukizivalisha kwenye 23, tairi linajikunja umbo la balbu: limebanwa chini, limevimba juu. Ukishusha upepo linayumba kwenye kona, na meno ya pembeni yanakaa mahali ambapo hayakukusudiwa. Umenunua mkuki, unaushika kichwani.

Kwa rimu yako kaa kwenye 2.3, ukizidi sana 2.4. Hicho kijituta ni habari njema, kazi yake ni kuuzuia mdomo wa tairi, ule ukingo unaokaa kwenye rimu, usiteleze kuingia katikati ya rimu. Rimu isiyo nacho huweza kutema upepo ghafla kwenye kona, pfff, halafu hadithi yako ya watoto wa mbuzi inajirudia.

Mama_Gia

Kwa 2.3, mbele ningeweka Minion DHF ya Maxxis, mpira wa 3C MaxxTerra (laini wa wastani), mbavu za EXO (zilizoimarishwa). Ni tairi ya zamani na bado haijazeeka. Lakini ujue tabia yake. Kati ya meno ya katikati na ya pembeni kuna uwazi. Ukikata kona baiskeli ikiwa imesimama wima, unakaa kwenye ule uwazi na hakuna kinachoshika. Lazima UILAZE baiskeli chini yako mpaka meno ya pembeni yaume, mwili wako ubaki juu. Wanaoilaumu wengi hawailazi. Assegai imejaza uwazi huo kwa meno ya ziada, ndiyo maana inasamehe, na ndiyo maana ni nzito kupanda nayo.

Kama hujiamini kulaza, DHR II ya 2.3 mbele pia inafaa sana. Meno yake ya pembeni yanafanana na ya DHF, ya katikati yamekaa kama majembe, yanafunga breki vizuri mno.

Nyuma: Aggressor 2.3, ile ya mpira wa kawaida wa aina mbili, si laini. Inapanda bila kunung'unika na inadumu.

Mkwea_Monduli

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Huku vumbi letu ni ndugu wa vumbi lenu. Mimi ni mtu wa Schwalbe, kampuni nyingine ya tairi. Mbele Magic Mary, nyuma Nobby Nic. Magic Mary ina meno marefu na mapana, kwenye udongo uliovurugika inashika ajabu. Kwenye sakafu ngumu Mzee amesema kweli, inayumba kidogo, lakini mimi niko msituni zaidi.

Kwa asiyejua: Schwalbe wanatofautisha mpira kwa mstari wa rangi juu ya tairi. Zambarau ni laini kabisa, chungwa ni laini, buluu ni wa kati, nyekundu ni wa mbio. Mbele chungwa, nyuma buluu, umemaliza. Usidanganyike ukauziwa nyekundu mbele kwa sababu ni nyepesi.

TyubuMilele

Nawasoma tu. Miaka 40 watu wamepanda baiskeli hapa na tyubu. Black Mamba ilibeba gunia la viazi kutoka Limuru hadi mjini na tyubu. Leo mnaambiana bila dawa ya maziwa huwezi kushuka kilima.

Niliwahi kujaribu. Ile dawa ililipuka sebuleni, ikaruka hadi kwenye pazia jeupe la mke wangu. Pazia lilikwenda, na amani ya nyumba ikalifuata. Pancha ya tyubu naiziba kwa kiraka kwa dakika kumi. Tyubulesi ikikataa porini unafanyaje?

Kijana_wa_111

😂😂 pazia

Mama_Gia

TyubuMilele, Black Mamba ilikuwa barabarani, haikuwa inakata kona kwenye vikokoto. Lakini swali lako la mwisho ni halali, wacha nilijibu.

Mwaka juzi tulishuka njia za vumbi kandokando ya barabara ya Magadi, watu wanne, wawili tyubu, wawili tyubulesi. Kule kuna migunga, na chini kuna mbigili. Mbigili huuoni. Ni kijimbegu chenye pembe, ukikirusha kinatua pembe ikiwa juu. Wale wa tyubu waliziba viraka mpaka gundi ikaisha. Mimi nilipofika nyumbani nilihesabu miiba 11 kwenye tairi ya nyuma, na upepo ulikuwa umepungua kidogo tu. Niliiacha humohumo. Ukiing'oa yote kwa pamoja unaanza vita upya.

Dawa inaziba tundu la mwiba. Haizibi mkato. Jiwe likichana tairi unahitaji vile vijiti vya mpira wenye gundi unavyosokomeza kwa sindano nene. Na ubavu ukipasuka kabisa, unaweka kipande kigumu kwa ndani, unatoa valvu, unatia TYUBU. Ndiyo, mimi mtu wa tyubulesi natembea na tyubu moja begini siku zote. Kwa hiyo hatujakutupa, ndugu yangu, tumekuhamishia begini.

Pedali_Kavu

Wadau, nimekuja na masikitiko.

Nilikwenda duka moja mjini, silitaji. Nikauliza tairi ya tyubulesi 2.3, nikaoneshwa moja yenye meno mazuri sana, bei nzuri kuliko zote, nikaambiwa "hii ni tyubulesi kabisa". Nikalipa ya mbele. Jana tumehangaika na fundi wa mtaani saa mbili nzima. Dawa inatoka povu mbavuni kote, kama tairi linatokwa jasho. Asubuhi lilikuwa limelala chini kama chapati. Nimerudi dukani, wanasema ikishatiwa dawa hairudishwi.

MzeeSpoki

Tairi lilikuwa limekunjwa kama nguo, au limesimama duara limening'inizwa msumarini?

Pedali_Kavu

Duara. Msumarini.

MzeeSpoki

Basi ni la waya. Mdomo wake una waya wa chuma na mbavu zake hazikuzibwa. Si kosa la dawa wala la fundi wako. Tairi nyingi za tyubulesi za baiskeli ya mlima hukunjwa, na ubavuni zimeandikwa. Maxxis wanaweka TR. Schwalbe TLE. Specialized wanaandika 2Bliss. Usiulize muuzaji, soma ubavu. Usipoona maandishi, rudisha msumarini.

Ukishapata la kweli, fanya hivi. Nawaandikia na wengine, nisiulizwe tena kila mwezi.

Osha rimu kwa spiriti, ikauke. Utepe wa rimu uwe mpana kuliko ndani ya rimu kwa milimita mbili hivi. Wewe una 23, tafuta wa 25. Uvute kwa nguvu ukiubandika, uzungushe mara mbili, upite juu ya matundu yote ya spoki. Watu wanabania hapa halafu wanalaumu tairi. Toboa tundu dogo la valvu kwa ncha ya moto, si kwa kisu, kisu kinachana. Kaza valvu kwa mkono, usitumie koleo, maana siku ya pancha porini huna koleo.

Paka mdomo wa tairi maji ya sabuni. Toa kile kiini cha ndani cha valvu ili upepo uingie kwa wingi. Pampu ya mkono mara nyingi haitoshi, nenda petroli steshoni na kile kichwa cha kubadilisha valvu nyembamba iwe kama ya gari. Utasikia mdomo ukipanda: pa! pa! Usiruke, ndiyo sauti tunayoitafuta. Simama pembeni na usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kisha toa upepo, tia dawa kupitia valvu, mililita 90 hadi 120 kwa inchi 29, rudisha kiini, jaza, zungusha, laza kila upande. Fanyia NJE. TyubuMilele, unanisikia.

Geji ya petroli steshoni usiiamini kwa kazi hii, ni ya magari. Nunua geji ndogo ya mkononi. Anza 25 mbele na 27 nyuma. Chukua kona moja unayoijua, ipite mara tatu, punguza 2, ipite tena. Ukisikia rimu inagonga jiwe au tairi linayumba, umepitiliza, ongeza 1 au 2. Kwa kilo zako nakisia utaishia 21 mbele, 24 nyuma.

Na dawa hukauka. Kwa joto la Januari na Februari, fungua uangalie kila miezi miwili au mitatu. Ukitikisa gurudumu usisikie chubwi, umebaki na utando tu. Zile chupa ndogo za gesi za kujazia haraka ziwe za dharura, maana baadhi ya dawa za utomvu hugandishwa na ile gesi.

Kijana_wa_111

Mzee swali la haraka. Nikitoka Ngong na psi 22 nikashuka mpaka Magadi, upepo si unapungua kwa sababu ya kushuka?

MzeeSpoki

Unapungua, ndiyo. Magadi iko karibu mita 600 tu juu ya bahari, hewa ya nje ni nzito zaidi, geji itasoma chini kwa psi mbili hadi tatu hivi. Lakini kule ni tanuri, joto linaurudisha karibu wote. Usihangaike. Beba maji.

Pedali_Kavu

Wadau, nimerudi, wiki ya tatu sasa.

Nilipata DHF ya 2.3 mbele, mtu aliniuzia ikiwa imetumika kidogo, meno bado yana kingo kali. Nyuma Aggressor mpya. Nilifuata maagizo ya Mzee neno kwa neno, uani, jirani akachungulia kila mlio wa pa! Sasa niko 22 mbele, 25 nyuma. Nyuma nilijaribu 23, rimu ikagonga jiwe nikasikia hadi kwenye meno, nikarudi juu.

Ngong Jumamosi. Makanga wa matatu ya 111 alitaka baiskeli ilipe viti viwili, tukaelewana kimoja na nusu. Kushuka, ile kona ya kushoto, mara ya kwanza niliogopa nikaikata wima kama zamani, mbele ikateleza kidogo. Nikakumbuka Mama_Gia. Nikasukuma baiskeli, nikapanda tena, nikashuka, mara hii nikailaza. Sijui niseme vipi. Kuna sekunde moja unahisi hakuna kitu, halafu meno ya pembeni yanauma, krrr, na baiskeli inageuka yenyewe. Nilipanda mara tano kwa ajili ya kona moja. Wale watoto walikuwepo. Mmoja aliuliza kama leo sianguki, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Kupanda ni kuzito kidogo kuliko zamani, sidanganyi.

Jana mvua imeanza, Karura imelowa, ule udongo mwekundu ulinigeuza mtoto tena. Meno yalijaa yote, tairi ikawa andazi. Nibadilishe tena?

Mama_Gia

Hongera! Usibadilishe kitu. Hizi mvua za Machi hadi Mei utalia na tairi yoyote pale Karura. Subiri jua la siku mbili, njia ikiwa na unyevu bila kunata ndipo inaposhika kuliko siku zote za mwaka. Na ukipita ikiwa tope unaacha mfereji ambao sisi wengine tutaukuta umekauka.

Mkwea_Monduli

Hongera mkuu. Siku moja uje Arusha tukuonjeshe Magic Mary, utauza hiyo DHF.

TyubuMilele

Hiyo tairi ya waya uliyouziwa bado unayo? Upana 2.3 inch 29? Inachukua tyubu vizuri tu. Nipe bei.

Pedali_Kavu

Ninayo. Ina dawa imekauka ndani, itabidi uibandue. Nikuuzie nusu bei?

TyubuMilele

Robo. Na uibandue wewe, mimi hiyo dawa haiingii tena kwangu.